Jinsi ya kujua kama gemu ya kucheza na marafiki ni nzuri kweli au imevuma tu

Kila gemu ndogo ya Facebook au ya kwenye simu siku hizi inakuja na namba mbele. Imepakuliwa mara milioni mia, wachezaji milioni kadhaa kwa siku, rafiki zako kumi na nne tayari wanacheza. Na watu wengi tunachagua kwa hiyo namba, yaani kama wote wako huko basi lazima kuna kitu. Mimi hizi gemu nazipenda sana, za maneno, za kupanga rangi, za shamba, na kinachoniuma ni kuona mtu anakaa mwaka mzima kwenye gemu mbovu wakati nzuri ipo, ya bure, ila haijavuma. Kwa hiyo nataka nieleze namna ya kuipima gemu mapema, kabla hujaizoea, maana ukishaizoea utaitetea hata kama inakukera.

Anza na namba yenyewe, jua inahesabu nini. Ile ya Google Play inayosema milioni 100 na zaidi inahesabu mara ambazo gemu imewekwa kwenye simu za watu tangu itoke, aliyeiweka akaifuta baada ya dakika tano naye yumo. Namba ya wachezaji kwa mwezi inamchukua hata aliyefungua mara moja kwa kubonyeza vibaya. Yenye maana kidogo ni ya kwa siku, tena ukiiweka pembeni ya hiyo ya mwezi: kama kwa mwezi wanaingia watu milioni 10 na kwa siku ni laki 5, basi wengi wanachungulia na kuondoka, ila kama kwa siku ni milioni 3 kuna kitu kinawarudisha. Sasa kinachowarudisha ni utamu au ni kubanwa, hiyo namba haikwambii, na ndo maana inabidi upime mwenyewe.

Afu umaarufu mara nyingi unatoka nje ya gemu kabisa. Facebook ilifungua milango kwa watengenezaji wa nje Mei 2007, na miaka ile ya mwanzo gemu iliweza kujitangaza kwa marafiki zako wote karibu itakavyo. Juni 2009 kampuni ya Zynga wakatoa FarmVille, gemu ya shamba, na kufika mwanzoni mwa 2010 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, ukifungua Facebook unakutana na ng'ombe mpweke wa mwenzio anatafuta mtu wa kumchukua, kila siku. Machi 2010 Facebook ikazima notifikesheni za programu na baada ya hapo namba za FarmVille zikaanza kushuka. Gemu ilikuwa ile ile na mazao yale yale, kilichopungua ni njia ya kukufikia. Upande wa pili kuna Among Us, gemu ya kumtafuta msaliti aliyejificha kati yenu, ilitoka Juni 2018 na ikakaa kama miaka miwili watu wengi hawaijui, mpaka 2020 watu wamefungiwa ndani na wale wanaocheza laivu mtandaoni wakaichukua, ikalipuka. Uzuri wake ulikuwepo miaka yote hiyo miwili ambayo wengi hawakuwa wanaitaja.

Na kuvuma kunaweza kuisha haraka sana. Draw Something ya OMGPOP ilitoka Februari 2012, Machi Zynga wakainunua kampuni nzima kwa karibu dola milioni 180, na ndani ya mwezi mmoja hivi wachezaji wa kila siku wakashuka kutoka karibu milioni 15 hadi kama milioni 10. Ilikuwa gemu tamu, unachora mwenzio anabuni, ila maneno ya kuchora yalikuwa yanajirudia na ukishachora kitu kile kile na rafiki yule yule hakuna kipya. Kwa hiyo ukikuta kitu kinavuma jiulize kwanza kimenifikiaje, kuna mtu kaniambia kwa mdomo wake kwamba anafurahia, au gemu yenyewe ndo imemtuma aniambie?

Haya, kabla hujapakua. Fungua ukurasa wake dukani na usitazame wastani wa nyota, maana nyota tano nyingi zinatolewa dakika ya kumi ya kucheza, gemu inapokuuliza unaipenda ukiwa umetoka kushinda, na nyota moja nyingi ni za mtu aliyekasirika akaunti yake imegoma kufunguka. Nenda kwenye nyota mbili na tatu, panga kuanzia maoni mapya, soma kama ishirini hivi. Hawa ni watu waliocheza muda mrefu na bado wana roho ya kueleza. Ukiona wengi wanasema ilikuwa nzuri mpaka levo fulani, au ilikuwa nzuri kabla ya apdeti fulani, hapo umeshapata jibu la miezi sita ijayo. Angalia pia yale maandishi madogo chini ya jina yanayosema ina matangazo au ina ununuzi ndani yake. Kuwa nayo sio dhambi, watengenezaji wanakula, ila ujue unaingia wapi.

Tangazo la gemu usiliamini hata kidogo. Septemba 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilipiga marufuku matangazo mawili ya kampuni ya Playrix, ya Homescapes na Gardenscapes, yale ya kuvuta pini ili maji au moto upite, kwa sababu ukiingia ndani unakuta gemu ni ya kupanga vitu vitatu vitatu na vile vya kwenye tangazo ni vichache mno. Tafuta video ya mtu wa kawaida akicheza, tena akiwa levo za mbele, dakika tano za hiyo video zinatosha.

Ukishaipakua, saa ya kwanza fanya kitu kimoja: kila unapogusa skrini jiulize, nimeamua hapa au nimetii? Mwanzoni gemu zote zinakushika mkono, kidole kinawaka unabonyeza, hiyo sawa. Ila baada ya nusu saa lazima kuwe na mahali unasimama unafikiri. Kwenye gemu ya kupanga rangi unaona njia mbili, moja inakupa ushindi mdogo sasa hivi na nyingine inakuandalia mkubwa baadaye. Kwenye gemu ya maneno una herufi saba na hakuna anayekuonyesha pa kuziweka. Kama umecheza saa nzima na kila mguso ulikuwa ni kukusanya, kubonyeza mshale unaowaka, kupokea zawadi, kukusanya tena, basi hiyo ndo gemu yenyewe, usisubiri kwamba mbele itabadilika.

Mtu aliyeonyesha hili vizuri kuliko wote ni Ian Bogost, msomi na mtengeneza gemu wa Marekani. Julai 2010 alitoa kitu kwenye Facebook kinaitwa Cow Clicker ili kuzikosoa gemu za aina hii. Unapewa ng'ombe, unambofya, unasubiri saa sita, unambofya tena. Unaweza kualika marafiki ng'ombe wao wakae kwenye malisho yako, na unaweza kulipa kupata ng'ombe mwingine wa sura tofauti. Basi, hakuna kingine. Ikapata wachezaji zaidi ya elfu 50. Septemba 2011 akawaondoa ng'ombe wote, zikabaki sehemu tupu walipokuwa wamesimama, na kuna watu wakaendelea kubofya pale patupu. Mimi siwacheki wale watu, walikuwa wanakutana pale na wenzao na kutaniana. Ila inakuonyesha kwamba kurudi kila siku peke yake sio ushahidi wa chochote, inabidi uangalie unachofanya ukirudi.

Kipimo kingine ni cha muda, na hiki nakisisitiza. Chukua stroberi za FarmVille: zilikuwa zinaiva kwa saa nne, na usipokuja kuvuna ukachelewa sana zinanyauka, umepoteza mbegu na sarafu. Ukiangalia vizuri, hapo wewe ndo unapangiwa siku yako. Ukipanda kabla ya kulala unaamka usiku au unapanda kitu cha muda mrefu, kwa hiyo hata usingizi unaingia kwenye hesabu ya gemu. Kungoja kwenyewe hakuna ubaya, gemu ya zamu zamu nayo unangoja, ubaya ni adhabu ya kutokuja. Candy Crush nayo inakupa maisha matano na kila moja linarudi kwa nusu saa, hiyo inakukatisha wakati umenoga lakini ukiondoka siku tatu hakuna kilichoharibika, unarudi unakuta maisha yako matano yamejaa. Hizo ni tabia mbili tofauti kabisa japo zote zinaitwa kusubiri.

Kwa hiyo fanya hivi, siku ya tatu au ya nne zima notifikesheni zake zote kwenye mipangilio ya simu, afu usiifungue siku mbili kamili. Kwanza sikiliza mwili wako, unaikumbuka kwa hamu, kwamba kuna levo ilikuwa inakusumbua na umepata wazo, au unaikumbuka kwa wasiwasi kwamba kuna kitu kinaharibika. Pili, ukirudi angalia inakupokeaje. Kuna inayokuonyesha pale pale ulipoishia. Kuna inayokufungulia skrini tano za ofa moja juu ya nyingine, msururu wako wa siku umekatika na unaweza kuurudisha kwa kulipa, jirani yako amekupita, ofa inaisha baada ya saa moja. Hiyo ya pili mimi naiweka chini hata kama michoro yake inapendeza vipi.

Tukija kwenye pesa, usisubiri mpaka utake kununua, nenda ukaangalie skrini ya kushindwa. Pale ndipo watengenezaji wanapoonyesha wanakuchukuliaje. Tuseme ni gemu ya kupanga vitatu vitatu, zimebaki jeli mbili na hatua zimeisha. Ile mbovu inaacha ubao unaonekana kwa nyuma, umefifia kidogo, ili uone kabisa zilikuwa mbili tu. Katikati kuna kitufe kikubwa cha kijani, ongeza hatua tano, bei yake imeandikwa kwa dhahabu ya gemu sio kwa pesa yako. Alama ya kufunga iko pembeni juu, ndogo, rangi hafifu. Ukiibonyeza inakuja skrini nyingine, una uhakika, utapoteza hiki na hiki, na vitufe vimebadilishana mahali ili kidole kilichozoea kiguse ndiyo. Ukibonyeza tena hapana unaonyeshwa moyo unavunjika. Hesabu ni mara ngapi umelazimika kusema hapana kabla hujaachiwa uende zako, mara moja ni biashara ya kawaida, mara tatu ni kukung'ang'ania.

Halafu angalia hiyo dhahabu. Kama kitu kinauzwa 12 na vifurushi vinauzwa 10, 50 na 100, ujue kimepangwa hivyo makusudi, ununue 50 ubakiwe na chenji isiyonunua kitu ili urudi. Kukiwa na sarafu mbili au tatu tofauti ndani ya gemu ndogo, ni kwa ajili ya kukusahaulisha bei halisi, chukua kikokotoo ubadilishe kila kitu kiwe pesa ya kweli kabla hujabonyeza. Na kama wanauza sanduku ambalo hujui ndani kuna nini, tafuta asilimia za kupata kila kitu, tangu Desemba 2017 Apple inawataka watengenezaji wazionyeshe kabla mtu hajanunua. Ubelgiji mwaka 2018 waliona baadhi ya hayo masanduku ni kamari moja kwa moja chini ya sheria yao. Asilimia zisipoonekana popote, usinunue.

Kama simu inashikwa na watoto, weka kila ununuzi uombe nywila, sio mara moja kwa muda fulani. Mwaka 2014 Apple ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kurudishia watu angalau dola milioni 32.5 kwa manunuzi ya watoto, na moja ya malalamiko ilikuwa kwamba ukishaweka nywila mara moja, dakika 15 zinazofuata mtoto anaweza kuendelea kununua bila kuulizwa.

Sasa tufike kwenye marafiki, maana ndo sababu ya hizi gemu kuwepo na ndo sehemu ambayo tofauti ya nzuri na mbovu inaonekana wazi zaidi. Swali ni hili: gemu inamhitaji rafiki yako, au inahitaji tu kidole chake? Kuna gemu ambazo rafiki ni ufunguo wa mlango, huwezi kwenda mbele mpaka watu watatu wakubali ombi lako au ulipe. Rafiki hajui unacheza nini, hajali, amebonyeza ili ombi liondoke machoni. Ungeweza kumbadilisha na mtu usiyemjua kabisa na hakuna ambacho kingepungua kwenye gemu.

Linganisha na Scrabulous. Ndugu wawili wa Kolkata, Rajat na Jayant Agarwalla, waliiweka Facebook 2007, na ilikuwa ni Scrabble, ule mchezo wa ubao wa kupanga herufi kuwa maneno, karibu kama ilivyo, zamu kwa zamu, mwenzio anaweka neno asubuhi wewe unajibu jioni. Julai 2008 wakaizima kwa watu wa Marekani na Kanada baada ya Hasbro, wenye haki ya Scrabble kule, kuwashtaki, na kesi yenyewe inaeleweka, mchezo una wenyewe. Lakini watu waliililia, na Words With Friends ya namna hiyo hiyo ilipokuja 2009 nayo ikapendwa na wengi. Kwenye ubao kama ule unamwona rafiki yako kabisa. Ameweka neno la herufi mbili mahali pa ajabu, unajua ameishiwa irabu. Amefungua nafasi ya kuzidisha mara tatu, unajiuliza kapitiwa au ananitega, huyu namfahamu, ananitega. Zamu isiyo na haraka kwangu mimi ndo kitu kizuri kuliko vyote ambavyo gemu hizi zimewaletea watu wengi, maana unaweza kucheza na mama yako aliye mbali au na mtu mwenye kazi za usiku bila kupangiana saa.

Na kushea nako kuna kwa heshima. Josh Wardle aliiweka gemu yake ya kubuni neno la herufi tano, Wordle, wazi kwa watu Oktoba 2021, Novemba mosi walicheza watu 90, Januari 2 mwaka 2022 walikuwa zaidi ya laki 3, na mwisho wa mwezi huo New York Times wakainunua. Haikuwa na notifikesheni wala tangazo, fumbo moja kwa siku, ukimaliza umemaliza mpaka kesho. Kilichoisambaza ni vile vimraba vya rangi ambavyo mtu anaamua mwenyewe kuvituma, vinaeleza alivyohangaika bila kukutobolea jibu wala kukuomba kitu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza shea kwenye gemu yako, soma ujumbe wenyewe kama vile wewe ndo umetumiwa. Kama unaeleza kitu ulichofanya, tuma. Kama ni ombi au ni zawadi ambayo lazima mtu afungue gemu aipokee, muulize kwanza mwenzio.

Njia rahisi ya kupima hili jambo: baada ya wiki, mwandikie rafiki unayecheza naye kuhusu kilichotokea ndani ya gemu. Ukikosa la kumwambia zaidi ya asante kwa maisha uliyonitumia, basi hamchezi pamoja, kila mtu anacheza peke yake.

Kabla ya kulipia kitu kikubwa kumbuka pia kwamba hizi gemu zinaishi kwenye kompyuta za mwenyewe na siku akizizima zimekwenda. Pet Society ya Playfish ilianza 2008, watu wakapamba nyumba za vipenzi vyao miaka na miaka, kampuni kubwa ya gemu ya EA walioinunua Playfish 2009 wakaifunga Juni 2013 pamoja na The Sims Social. FarmVille ile ya Facebook ilifungwa Desemba 31 mwaka 2020, teknolojia ya Flash iliyokuwa inaiendesha ilikuwa imefika mwisho. Lipia kitu utakachokifurahia mwezi huu, pambo la kudumu halipo. Na angalia apdeti ya mwisho ilikuwa lini, gemu isiyoguswa mwaka mzima huku duka lake bado linauza ni ya kukaa nayo mbali.

Ukiamua kuacha, acha vizuri. Kuifuta kwenye simu hakutoshi. Ingia mipangilio ya Facebook, tafuta sehemu ya programu na tovuti, utakuta orodha ya kila gemu uliyowahi kuingia kwa akaunti hiyo, pengine nyingine hata huzikumbuki, na zile ambazo bado ziko hai zina ruhusa ya kuona baadhi ya taarifa zako. Ziondoe moja moja. Halafu nenda Google Play au App Store kwenye usajili, kwa sababu gemu nyingi siku hizi zinauza uanachama wa wiki au mwezi unaoanza na siku chache za bure, na ukifuta gemu bila kusitisha uanachama pesa inaendelea kukatwa. Sitisha kwanza, subiri uthibitisho, ndo ufute.